Kufufua kinamasi cha mdomo wa Sabaki: maji kwanza, miche baadaye

Mto huu ni Athi huko bara, ni Galana ukishapokea maji ya Tsavo, na ukikaribia Malindi ni Sabaki. Jina hubadilika, tope ni lile lile. Udongo wa mashamba ya juu hushuka na mafuriko ukatua hapa, kati ya mji na Mambrui. Tope hilo ndilo lililojenga kinamasi, na likizidi ndilo linalokiua. Mchu, mmoja wa miti ya mikoko, hupumua kwa vijiti vya mizizi vinavyochomoza kutoka ardhini. Vikifukiwa, mti hukauka ukiwa umesimama. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliua mikoko ya Mwache, Mombasa, kwa njia hiyo hiyo. Basi msikimbilie miche kabla hamjajua kwa nini uwanda umebaki mtupu.

Kibali ni cha Huduma ya Misitu ya Kenya, maana mikoko ni msitu wa serikali. Kitafuteni kabla ya jembe kugusa tope.

Kisha pimeni usawa. Tafuteni mchu wenye afya ulio karibu, wenye machipukizi chini yake. Chukueni mpira wa maji unaoonyesha ndani, wa mita 20, mjaze maji mpaka lisibaki hata povu moja ndani, kwa sababu povu hudanganya kipimo. Mmoja ashike ncha kwenye kigingi chini ya mchu, mwenziwe ashike ya pili uwandani. Maji yakitulia, kila mmoja apime kutoka usawa wa maji hadi ardhini. Kipimo cha uwandani kikiwa kifupi kwa shubiri au zaidi, pameinuka: bamvua pekee, yaani maji makuu ya mwezi mpya na mwezi mpevu, ndiyo inayofika, jua linakausha, na chumvi inaacha ukoko mweupe. Kikiwa kirefu kwa kiasi hicho, miche itazama. Tope tupu la chini liacheni kabisa. Hapo ndipo ndege wahamiaji wanapopata chakula.

Palipoinuka, fungueni mkondo wa zamani. Siku ya bamvua angalieni maji yanakoingilia, mpige vigingi. Chimbeni maji yakipwa, mkianzia uwandani, na kizuizi cha upande wa mto kiondoeni mwisho. Kingo zilazeni, zikisimama wima zitaporomoka. Udongo msiurundike pembeni, utageuka tuta na kuyafungia maji nje. Kosa hili huharibu kazi.

Ngojeni msimu mmoja wa mvua, chumvi ioshwe. Halafu pimeni mraba wa mita 10 kwa 10, mhesabu machipukizi. Yakifika 25, msipande: mchu unajirudisha wenyewe.

Yakipungua, okoteni mbegu za mchu zilizoiva, mtupe zenye matundu. Ziloweke usiku kucha hadi ganda litoke. Jazeni viriba, yaani mifuko ya kuoteshea miche, tope la pale pale, chomekeni mbegu upande wa mzizi, theluthi moja tu. Ikizikwa yote huoza. Kitalu kiwe mahali panapofikiwa na maji ya bamvua, chini ya kivuli chepesi, na kivuli hicho mkiondoe mwezi wa mwisho. Miche ikifika sentimita 30, pandeni kwa nafasi ya mita 1, yaani 10,000 kwa hekta, na kiriba mkichane kabisa. Mche mdogo kuliko huo kaa huukata usiku mmoja.

Juu zaidi, maji ya chumvi yasikofika, pandeni matete. Vipande vya shina la chini vyenye vifundo viwili au vitatu, ncha ikae juu ya maji. Ikizama wiki za kwanza, kipande huoza.

Mbuzi na ng'ombe hupenda majani ya mchu, kwa hiyo kubalianeni njia ya malisho na wachungaji mapema. Ua peke yake hautoshi. Miche ihesabiwe mwezi wa kwanza, wa tatu na wa sita. Na kila mafuriko yakipita, nendeni mkautazame mkondo: mchanga ukiuziba, uzibueni kabla ya bamvua inayofuata.