Kasa Akinasa Kwenye Jarife: Namna ya Kumwokoa na Kuandika Kumbukumbu

Mvuvi wa Tanga anayetega jarife, yaani wavu wa macho makubwa, usiku kwa ajili ya papa na taa hana budi kukumbuka kwamba kasa huvuta hewa, na kwamba akinasa chini ya maji huishiwa pumzi upesi kwa kupapatika. Ukague wavu mara kwa mara, usiuache hadi alfajiri.

Ukimkuta, usimvute kwa mapezi wala kwa upembo, ile fimbo yenye ncha ya kulabu. Watu wawili wamshike gambani, mmoja nyuma ya shingo na mwingine juu ya mkia, kisha mkate nyuzi zilizombana; macho ya wavu yaliyokatwa hushonwa tena. Akiwa na nguvu, mrudisheni taratibu injini ikiwa haisukumi chombo, mbali na nyavu.

Akilegea, msiharakishe kusema amekufa. Mguse kope na umfinye mkia kidogo, kwani anayeonekana maiti huenda bado yu hai. Mlaze kifudifudi, kamwe si chali, na uinue sehemu ya nyuma angalau sentimita 15 ili maji yatoke mapafuni. Mweke kivulini, umfunike kwa nguo mbichi isiyoziba pua, wala usimtumbukize katika beseni la maji, kwa kuwa atazama humo humo. Msubiri saa 4 hadi 24, ukimjaribu tena kila baada ya muda. Najua ni muda mrefu kwa mwenye samaki wa kuwahisha sokoni, lakini uhai wake umo katika subira hiyo.

Kisha andika tarehe, mahali, aina ya kasa, kama ni ng'amba au mwingine, aina ya mtego, na hali aliyoondoka nayo. Akiwa na kibati pezini, nakili namba yake bila kukiondoa. Daftari hili lina uzito, kwa sababu nembo ya bluu ya MSC (Marine Stewardship Council), shirika la kuthibitisha uvuvi endelevu lililoanzishwa mwaka 1997, haitazami wingi wa samaki peke yake. Wavuvi wanaoiomba hutakiwa pia kuonyesha kwamba uvuvi wao hauzuii viumbe wanaolindwa kuongezeka tena, na wasio na kumbukumbu hawana cha kuonyesha. Nawasihi hasa waliofiwa na kasa wavuni wasimfiche kwa hofu, maana daftari lenye walio hai tu halimsaidii yeyote.

Kila mwezi, lisomeni pamoja na viongozi wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi ufukweni; eneo linalojirudia ndilo la kwanza kuhamishwa mitego.