Twin Reverb ya zamani: kupata sauti tamu bila kuwahamisha watu meza

Kijana mmoja anayepiga solo kwenye bendi hapa Dar alinipigia simu usiku. "Shikamoo mzee. Lile dude limenishinda. Nikiongeza, wateja wanahama meza. Nikipunguza, gitaa linalia kama mbu." Dude lenyewe ni amplifaya ya gitaa, Fender Twin Reverb ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, ile ya uso wa rangi ya fedha, ambayo mjomba wake alirudi nayo kutoka Marekani. Jumamosi nikaenda kwake, tukashinda nayo mpaka magharibi. Naandika tuliyoyafanya, pamoja na machungu niliyoyapata zamani kwenye ya kwangu.

Neno moja kwanza. Twin Reverb ilianza kuuzwa 1963, na ilitengenezewa mpigaji anayetaka sauti safi isiyopasuka hata ukumbi uwe mkubwa. Valvu (taa za kioo zinazokuza sauti) nne za 6L6, spika mbili za inchi 12, wati 85 hivi (zile za mwishoni mwa miaka ya 1970 zinafika 135). Ukiitafutia mkwaruzo wa roki utakuwa kiziwi kabla hujaupata. Sisi watu wa dansi tuna bahati, maana gitaa safi lenye kengele kidogo ndiyo kazi yake hasa.

Hatua ya 1: Umeme

Ya Marekani inataka volti 120, ukutani kwetu kuna 230. Tafuta stepdauni (transfoma ya kushusha volti) ya wati 500 au zaidi. Zile ndogo za kuchajia vitu zitachemka wimbo wa tatu. Kama waya wake bado ni wa pini mbili, mpe fundi aweke wa pini tatu wenye ethi, na hakikisha stepdauni na soketi vinaipitisha kweli hiyo ethi. Siku utakayoshika nyuzi huku mdomo umegusa maiki ndipo utajua kwa nini nasema.

Washa swichi ya umeme, subiri dakika moja, kisha ondoa standby (swichi ya pili, inayozuia sauti mpaka valvu zipate moto). Usiiwashe kamwe spika zikiwa hazijachomekwa, transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua. Na usifungue chesisi (sanduku la chuma lenye nyaya za ndani). Kapasita za ndani zinaweza kubaki na volti zaidi ya 400 hata ukiwa umechomoa plagi ukutani. Hakuna hatua hapa chini inayohitaji kufungua.

Hatua ya 2: Chomeka gitaa

Twin ina chaneli mbili, Normal na Vibrato. Tumia ya Vibrato, tundu namba 1. Kama pikapu zako (zile sumaku za gitaa zinazonasa mtetemo wa nyuzi) ni kali, tumia namba 2. Inapunguza nguvu ya gitaa kwa karibu nusu, na kwa ukumbi mdogo ni dawa ya bure ambayo wengi hawaijui.

Kijana alikuwa ameunganisha chaneli mbili kwa waya mfupi, kama wanavyofanya wenye amplifaya za Marshall za matundu manne. Nikamwambia atoe. Kwenye Marshall inaleta unene kweli, lakini kwenye Twin chaneli ya Vibrato ina hatua moja zaidi ya valvu kwa ajili ya rivabu (mwangwi), kwa hiyo sauti za chaneli mbili zinatoka kinyume, hii ikipanda ile inashuka. Zinakulana. Unabaki na gitaa jembamba halafu unalaumu valvu.

Hatua ya 3: Hakikisha spika zote mbili zinasukuma upande mmoja

Hapa ndipo nilipopoteza wikiendi nzima na hela ya valvu nilizokuwa sizihitaji.

Twin yangu niliinunua ikiwa imeshabadilishwa spika moja. Ilikuwa na kelele za kutosha, ila hapakuwa na besi. Nyuzi za chini zilisikika kama mtu anagonga ndoo ya plastiki. Nikabadilisha valvu, nikabadilisha nyuzi, nikaazima gitaa la mwenzangu, hali ile ile. Jumapili jioni waya mmoja wa spika ukachomoka wenyewe nikiwa napiga taratibu, na sauti ikanenepa. Spika moja ikawa na besi kuliko mbili! Nilikaa chini nikaiangalia ile waya muda mrefu.

Spika mbili zikiwa zimeungwa kinyume, moja inasukuma hewa mbele wakati mwenzake anaivuta nyuma. Besi zinafutana, zinabaki zile kali. Mpigaji akisikia haina mwili anaongeza volyumu, na hapo ndipo wateja wanapohama meza.

Kupima ni rahisi, unahitaji betri moja ndogo ya volti 1.5, ile ya rimoti, na vipande viwili vya waya. Zima kila kitu, chomoa umeme. Nyuma ya amplifaya, chomoa plagi ya spika. Hiyo plagi ina ncha na ina shina: chanya ya betri iguse ncha, hasi iguse shina. Gusa na kuachia, usishikilie. Twin iko wazi nyuma, kwa hiyo mulika tochi uangalie koni (ile karatasi ya spika inayotikisika). Kama macho hayaoni vizuri, weka ncha ya kidole kwenye koni bila kuikandamiza. Kila unapogusa utasikia "tap" ndogo na koni itaruka. Zote mbili ziruke upande mmoja. Moja ikienda mbele na nyingine ikirudi nyuma, umempata mchawi wako.

Dawa ni kugeuza nyaya mbili za spika MOJA. Mimi kwa haraka zangu niligeuza za zote mbili, nikapiga, nikaona hakuna kilichobadilika, nikaanza tena kumshuku transfoma. Usicheke, ilikuwa saa tano usiku.

Tahadhari zake ni nyingi kidogo:

Usiamini alama nyekundu iliyo kwenye spika. JBL za zamani, ikiwemo D120F ambayo baadhi ya Twin zilikuja nayo kutoka kiwandani, koni yake inarudi nyuma ukipeleka chanya kwenye nyekundu. Spika nyingine nyingi zinakwenda mbele. Ukiweka JBL moja ya zamani na spika nyingine pembeni yake, ukafuata rangi kwa uaminifu, umeziunga kinyume. Fuata koni, rangi achana nazo.

Spika iliyosukwa koili upya nayo ipimwe, hata kama fundi ni mzuri. Akigeuza ncha mbili za koili hakuna atakayeona kwa macho.

Kabla ya kurudisha plagi, weka mita kwenye ohmu upime ncha na shina. Spika mbili za ohmu 8 zikiwa sambamba, amplifaya inaziona kama 4, lakini mita itakuonyesha 3 na ushee, na hiyo ni sahihi. Ukiona 6 hivi, spika moja haijaungwa au imekufa. Ukiona 12 au 13, mtu ameziunga kwa mfuatano, zirudishe sambamba. Ukiona 2 hivi au chini yake, kuna aliyeweka spika ya gari ya ohmu 4, na hiyo itoke leo leo.

Ya kijana mita ilisoma 3.1, nikapumua. Betri ikaguswa: ya kushoto mbele, ya kulia nyuma. Tukageuza waya wa kulia, nikamwambia apige ule ule mstari aliokuwa anaulalamikia. Akapiga mara moja, akasimama, akarudi kwenye volyumu akaishusha mwenyewe kutoka 5 hadi 3. Sikumwambia.

Hatua ya 4: Nobu

Bright: zima. Inaongeza ukali hasa volyumu ikiwa chini, na ndiyo ile mbu.

Middle: panda hadi 8, hata 10. Watu wanaiogopa. Mpangilio wa toni wa Fender hii unakata sauti za kati tangu mwanzo, kwa hiyo 10 haimaanishi umezidisha, umeacha tu kuzikata sana. Gitaa la solo linaishi humo humo kwenye sauti za kati. Ukiziondoa, tarumbeta zikiingia unapotea.

Treble 4 au 5. Bass 3, na kadiri unavyopandisha volyumu ishushe, la sivyo nyuzi za chini zinalegea na kugombana na mpiga besi. Volyumu 3 hadi 4. Chini ya hapo Twin haijaamka.

Kama yako ni ya kuanzia 1972 hivi ina Master, yaani volyumu kuu. Iweke 10 uisahau. Kupandisha volyumu ya mbele na kubana Master kunatoa mkwaruzo unaofanana na nzi ndani ya kopo, na sijawahi kumsikia mtu akiusifia isipokuwa aliyekuwa anauza.

Hatua ya 5: Mahali

Sauti kali inatoka kwenye spika ya inchi 12 kama mwanga wa tochi, inakwenda moja kwa moja. Wewe umesimama mita moja mbele, spika ziko usawa wa magoti, unasikia sauti butu tu. Unaongeza Treble. Aliyekaa meza ya pili ananyolewa nywele. Kama Twin yako ina ile miguu ya pembeni ya kuilaza nyuma, itumie, ielekee sikio lako. Kama haina, ipandishe juu ya kreti mbili za soda na uigeuze ikatishe jukwaa, isiwatazame wateja. Mbele wapelekewe kwa maiki na mixa. Ukiisikia inakukera wewe mwenyewe, utapunguza bila kuambiwa na mwenye baa.

Kuhusu kuchomoa valvu mbili

Kijana aliniuliza, na kila mwenye Twin huuliza. Inawezekana, unachomoa mbili za nje au mbili za kati katika zile nne za 6L6, zikiwa zimepoa. Lakini kupunguza wati kwa nusu ni desibeli 3 tu, sikio linaona tofauti ndogo sana, na ohmu za spika hazilingani tena mpaka uondoe spika moja. Mimi nilijaribu nikazirudisha. Tundu namba 2 na kreti za soda zilinisaidia zaidi.

Rivabu

2, mwisho 3. Ukumbi wa mabati una rivabu yake.

Ukimaliza kupiga, zima, kunja waya, kaongee na watu dakika kumi. Valvu za moto hazipendi kurushwa kwenye gari, na kilo karibu thelathini za Twin usizibebe peke yako.