Malkia wa usiku kibarazani: jinsi ninavyomlea huku cherehani inaendelea

Mara ya kwanza malkia wa usiku wangu, kaktasi ambaye ua lake hufunguka usiku mmoja tu, alipochanua, sikumwona. Ilikuwa wiki ya mwisho ya Ramadhani, mezani nina magauni 11 ya sikukuu, na mlango nimeufunga kwa sababu ya mbu. Nilishona mpaka saa saba za usiku. Katikati ya kazi nilisikia harufu tamu, nikadhani jirani amechoma udi. Alfajiri nilipotoka kufagia nikakuta ua kubwa kama sahani limelegea, linaning'inia kama kitambaa kilichotoka kwenye beseni. Miaka 3 ya kulea, ua moja, na usiku wake nilikuwa hatua nne tu kutoka hapo. Nililia kweli.

Tangu siku hiyo sijakosa usiku hata mmoja, na mmea umeshanipa maua 9 kwa mkupuo. Naishi Ngamiani, Tanga, nyumba ya kupanga. Kibaraza changu kinatazama mashariki, na hapo ndipo ninaposhonea. Sina bustani wala mtu wa kunisaidia, na maji ya bomba yana siku zake. Ninayoandika hapa ni yale ninayoyafanya kati ya kupima wateja, kupika na kukagua madaftari ya watoto.

Hatua ya 1: Jua umeshika mmea gani

Watu wengi huita kila chenye miba "kaktasi". Kamusi inasema dungusi kakati, na ule wenye vibapa unaoota ovyo kando ya nyua ni mpungate. Tazama mwiba unapotokea. Kaktasi ana vidoa vidogo vyenye manyoya, na miba yote pamoja na maua hutoka kwenye vidoa hivyo. Ukikata na kuona utomvu mweupe kama maziwa, basi huyo ni ndugu wa mnyaa, na utomvu wake usikuguse jicho hata kidogo.

Kaktasi asili yao ni mabara ya Amerika. Yuko mmoja tu aliyeota Afrika bila kuletwa na mtu, mwembamba kama nyuzi za kijani, anayening'inia juu ya miti ya misitu yenye unyevu. Huyo anatufundisha jambo: si kila kaktasi ni wa jangwani. Malkia wa usiku naye ni wa msituni. Kwao, kusini mwa Meksiko na nchi za jirani, huota juu ya matawi ya miti mikubwa, mizizi yake ikiwa kwenye majani yaliyooza, akipata kivuli, hewa na mvua inayopita tu bila kutuama. Jina lake la kitaalamu ni Epiphyllum oxypetalum. Kile unachokiona kama jani ni shina lililobapa, na ua hutoka kwenye pengo la ukingo wake.

Ndiyo maana watu wa pwani tuna bahati naye. Wale wa jangwani, wa duara kama mpira, masika ya Tanga huwaozesha. Malkia wa usiku unyevu wa hewa yetu anaupenda.

Hatua ya 2: Pata kipande, kisha kiache

Usinunue mmea mkubwa. Omba kipande kwa mtu ambaye wake umeshawahi kuchanua, chenye urefu wa sentimita 15 hadi 20, kilichokomaa, si kile chororo cha juu. Kata kwa kisu kilichofutwa kwa spiriti. Weka alama upande wa chini. Mimi hufunga uzi mwekundu, kwa sababu kikishakauka pande zote mbili hufanana na ukikipanda kichwa chini utasubiri bure.

Sasa sehemu inayowashinda wengi: kiweke kivulini, juu ya gazeti, siku 5 hadi 7, bila maji. Jeraha lazima likauke na kufanya ngozi. Vipande vyangu viwili vya mwanzo nilivipanda siku ileile nikavimwagilia asubuhi na jioni kwa huruma. Ndani ya wiki mbili vilikuwa vimekuwa rojo.

Hatua ya 3: Udongo usioshika maji

Udongo wa shamba peke yake hapana. Nachanganya kwa kopo la rangi la lita 4:

- makopo 2 ya makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa vipande vya ukubwa wa kidole gumba
- makopo 2 ya mchanga mnene wa mtoni uliochanganyika na kokoto ndogo
- kopo 1 la chenga za mkaa, vumbi lake nimelipepeta
- kopo 1 la samadi ya mbuzi ya zamani, isiyonuka tena

Makumbi yaloweke siku nzima, mwaga maji, loweka tena. Makumbi ya pwani mara nyingi huwa na chumvi, na chumvi huunguza mizizi michanga. Kwa sababu hiyohiyo usichukue mchanga wa ufukweni, hata kama uko karibu na ni wa bure.

Kupima ni rahisi. Jaza chungu, mimina kikombe cha maji, hesabu. Kama ukifika 10 maji bado yamesimama juu, ongeza kokoto na mkaa.

Hatua ya 4: Chungu

Chungu cha udongo hupumua na ndicho kizuri zaidi kwa anayezidisha maji. Lakini dumu la mafuta ya kula la lita 5 lililokatwa linatosha kabisa. Toboa matundu 6 chini kwa msumari uliopashwa moto. Chungu kisiwe kikubwa, maana udongo mwingi kuliko mizizi hukaa na maji siku nyingi, na mmea huu hupenda kubanwa kidogo ndipo utoe maua. Zika kipande sentimita 4 au 5 tu, kifunge kwenye kijiti ili kisiyumbe, na usimwagilie mpaka zipite siku 4 au 5.

Sahani ya kukinga maji chini ya chungu nimeiondoa. Mbu wa dengi hutaga kwenye maji kidogo kama hayo, na nina watoto.

Hatua ya 5: Mahali

Jua la asubuhi mpaka kama saa tatu, saa nne, kisha mwanga bila jua. Kibaraza cha mashariki, au chini ya mti wenye majani machache. Mmea wenyewe hukuambia: ukiwa mwekundu au wa manjano, jua limezidi. Ukitoa machipukizi marefu membamba kama fimbo yanayotafuta nje, umefichwa mno. Machipukizi marefu ya mviringo mmea mkubwa huyatoa kwa kawaida, usiyaogope. Ninayoyasema ni yale dhaifu yaliyopauka.

Kiasi unachoweza, weka mimea pale unapopita kila siku. Yangu ipo nyuma ya kiti cha wateja. Nikimsubirisha mtu wakati napiga pasi, jicho langu linapita kwenye mimea na naona tatizo likiwa bado dogo. Mimea iliyowekwa uani ambako huendi, hata kama mwanga ni mzuri, utaigundua ikiwa imekufa.

Hatua ya 6: Maji

Hapa ndipo kaktasi wanapouawa, na wanaowaua ni watu wenye mapenzi. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Chukua kijiti cha mshikaki, kichomeke hadi katikati ya chungu, subiri dakika chache, kitoe. Kikitoka na unyevu au chembe za udongo zimekishika, ondoka. Kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha usiguse tena. Msimu wa joto, Januari na Februari, kwangu huwa kila siku ya 4 au ya 5. Masika navisogeza vyungu chini ya paa na wiki mbili zinapita bila kumwagilia. Siangalii kalenda, naangalia kijiti.

Kwa aliyebanwa na kazi, hii ni habari njema. Shina lililobapa lina akiba yake. Nilikwenda msibani Korogwe siku 12, nikakuta mashina yamekunjamana kidogo pembeni. Maji mara moja, baada ya siku 3 yalikuwa yamejaa tena. Lililooza kwa maji halirudi.

Maji ya kusuuzia mchele natumia, yale ya mara ya pili, bila chumvi wala mafuta. Ya sabuni hapana.

Hatua ya 7: Kipindi cha kiu

Mtu akiniambia "wangu ana miaka 5, majani tele, hajawahi kuchanua", naulizia mbolea kwanza. Mara nyingi amekuwa akiweka urea au samadi mbichi. Naitrojeni nyingi hujenga mashina, na mmea ulioshiba hivyo hauhangaiki na maua.

Kipupwe kikiingia, Juni hadi Agosti, upepo wa kusi unapovuma na usiku unakuwa wa baridi kidogo, naacha mbolea kabisa na maji nayapunguza yawe nusu. Sisogezi, sikati, sipandikizi. Mashina yanakonda, wateja wananionea huruma. Septemba narudisha maji polepole na kuweka mbolea ya NPK yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa kiasi sawa, kijiko cha chai kwenye lita 5 za maji, mara moja kila wiki 3. Kwangu matumba hutokea mvua za vuli zinapoanza, na mara nyingine tena baada ya masika.

Kipande ulichopanda leo kitataka miaka 2 hadi 3 kabla ya ua la kwanza.

Hatua ya 8: Kutoka tumba hadi usiku wenyewe

Tumba huanza kama chembe ya mtama, rangi ya waridi, kwenye pengo la ukingo. Kuanzia hapo usikigeuze chungu wala kukihamisha, matumba huanguka upesi. Hapa pekee nakuwa mwangalifu udongo usikauke kabisa. Kutoka chembe mpaka ua ni wiki 3 hadi 4.

Dalili ya usiku wenyewe ndiyo niliyoikosa mwaka ule. Tumba hukua likining'inia chini kwa shingo ndefu. Siku zinapokaribia, shingo hujikunja na kuinua kichwa, kama kiko cha mzee. Siku utakapoona tumba jeupe limevimba na ncha yake imeanza kulegea saa za alasiri, ni usiku huo. Panga kazi zako. Mimi huwaambia wateja kwamba nguo za kesho zitachukuliwa mchana.

Saa mbili za usiku ncha hufunguka. Saa tatu harufu imeshafika barabarani, haifanani na asumini wala kilua, ni nzito zaidi na ina ubaridi ndani yake. Kati ya saa tano na saa sita ua limefunguka lote. Zima taa ya kibaraza na usimame kimya kidogo. Weupe ule na harufu ile ni wito kwa nondo wakubwa wa usiku, ambao kwao Amerika ndio wanaobeba chavua. Alfajiri limekwisha.

Magonjwa na wadudu, kwa ufupi

Pamba nyeupe kwenye mapengo ya shina ni vidung'ata. Chovya pamba kwenye spiriti, futa mmoja mmoja, rudia kila baada ya siku 5 mpaka waishe. Madoa meusi yanayotepeta ni uozo: kata mpaka ufikie nyama safi, kausha kipande, anza upya kutoka hatua ya 2. Madoa makavu ya kahawia yasiyoenea ni makovu tu, yaache.

Wenzake wawili kwenye kibaraza changu

Waridi la jangwani, lile lenye shina nene kama tumbo, si kaktasi na si mgeni. Linaota porini kwenye maeneo makavu ya Kenya na Tanzania. Hilo lipe jua la kutwa nzima na liache likauke kabisa kabla ya maji mengine. Utomvu wake ni sumu, umetumika tangu zamani kwenye mishale, kwa hiyo nawa mikono ukimaliza kulikata na liwe juu ya kimo cha mtoto.

Wa pili ni urujuani wa Usambara, unaokaa ndani dirishani. Dunia nzima inaufuga, na ulitoka kwenye milima yetu hii: mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa eneo hili, alituma mbegu kwao Ujerumani. Umwagilie kwa chini, chungu kikae kwenye bakuli dakika 20 kisha kitoke, kwa sababu maji juu ya majani yenye manyoya huacha madoa. Nunua kwa wanaootesha, usiung'oe mlimani. Kule umebaki kidogo tu.

Na mpungate, tafadhali, vipande vyake usivitupe nje. Kila kibapa hutoa mizizi. Laikipia nchini Kenya mipungate ya kigeni imefunika malisho, na mbuzi wanaokula matunda yake huumizwa midomo na miba.

Baada ya ua

Acha ua lililonyauka lidondoke lenyewe, au likate siku ya 3 likishakauka shingoni. Shina lililotoa ua usilikate, mwakani linaweza kutoa jingine kwenye pengo la jirani. Ukitaka vipande vya kugawa, chukua kwenye mashina ya zamani yaliyojaa makovu, wiki mbili baada ya maua. Mimi nina daftari la wanaosubiri, nyuma ya kurasa za vipimo vya nguo. Sasa hivi juu ya kabati kuna vipande 4 kwenye gazeti, kila kimoja na uzi wake mwekundu. Kesho vinatimiza siku 6.