Somo: Kulinganisha kimo cha bodi la pikapu na tela la fifwili

Wakuu, habari za kazi. Ndugu zetu wengi walioko Marekani wanavuta matela ya kuishi, wengine kwa safari za familia, wengine kwa kazi ya kuyasafirisha kutoka viwanda vya Elkhart, Indiana. Swali linalorudi kila mara ni lile lile: "Pikapu yangu itaweza tela hili?" Mara nyingi muulizaji anawaza uzito. Uzito una nafasi yake na nitaugusa, ila zipo pikapu zenye nguvu tele ambazo hazifai kwa tela fulani kwa sababu ya inchi mbili tatu za kimo. Somo la leo ni la hizo inchi.

Kwa asiyelijua, fifwili ni tela ambalo pua yake hupanda juu ya bodi la pikapu. Chini ya pua kuna pini ya chuma yenye kipenyo cha inchi 2, nayo hukamatwa na sahani iliyofungwa ndani ya bodi, juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo. Kwa hiyo safari nzima sehemu ya tela inaning'inia juu ya kuta za bodi.

Barabara ikiwa tambarare hakuna neno. Shida huja unapovuka mgongo wa barabara au tuta kubwa: pikapu imeshaanza kuteremka, tela bado linapanda. Nyuma ya bodi inainuka, na sehemu ya chini ya pua inashuka. Vitu hivyo viwili vinakaribiana, na kama nafasi ni ndogo, kona ya bodi inachana fibaglasi ya tela au ukuta wa bodi unakunjwa. Kuingia kituo cha mafuta kwa upande ni kubaya zaidi, maana tairi moja la nyuma linapanda ukingo na kona moja ya bodi inanyanyuka peke yake.

Ndiyo maana watengenezaji wanataka iachwe nafasi ya inchi 5.5 hadi 6 (sentimita 14 hadi 15) kati ya ukingo wa juu wa bodi na sehemu ya chini ya pua. Mimi nasema chukua 6, na kama unapita njia za vumbi kuelekea kambi za milimani, ongeza.

HATUA YA 1: Uzito kwanza, kwa ufupi

Fungua mlango wa dereva, soma kibandiko kwenye nguzo. Kinataja uzito wa juu wa watu na mizigo. Tela la fifwili huweka juu ya pini kati ya asilimia 15 na 25 ya uzito wake. Kwa hesabu ya haraka tumia 20. Tela la pauni 12,000 litakukalia pauni 2,400 kwenye bodi (kilo 1,090 hivi). Ongeza sahani yenyewe, familia, mafuta ya akiba na mbwa. Kama hapo tayari umepita kibandiko, usiendelee na hatua nyingine, tafuta tela dogo au pikapu kubwa.

HATUA YA 2: Pima pikapu ikiwa imebeba

Watu wengi wanapima pikapu tupu iliyoegeshwa nyumbani, wanaandika namba, wanaenda kununua tela. Ile namba haina kazi barabarani, kwa sababu pikapu ikikaliwa na pini inashuka nyuma. Inchi 1 hadi 3 ni jambo la kawaida, kutegemea springi.

Tafuta sakafu iliyonyooka. Pachika kipande cha tepu kwenye ukuta wa bodi, usawa wa ekseli ya nyuma, kisha pima kwa futikamba kutoka chini hadi ukingo wa juu wa bodi. Andika. Halafu weka ndani ya bodi uzito unaokaribia ule wa pini: mifuko ya saruji, kokoto, chochote chenye uzito unaojulikana, na ukiweke usawa wa ekseli, usikirundike mlangoni. Upepo wa tairi uwe ule utakaosafiria. Pima tena palepale penye tepu. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo mshuko wa pikapu yako, na utaitumia miaka yote uliyonayo gari hilo.

Tuchukue mfano. Pikapu nzito za 4x4 za miaka ya karibuni zina ukingo wa bodi wa inchi 56 hadi 60 kutoka ardhini. Yetu iwe na 58 ikiwa tupu. Imebeba, imeshuka 2. Tunaandika 56. Pima pia sakafu ya bodi: ilikuwa 37, sasa ni 35.

HATUA YA 3: Pima tela likiwa sawa

Simamisha tela kwa miguu yake ya mbele hadi liwe sawa mbele na nyuma. Weka pima maji kwenye chuma cha fremu. Usiiweke kwenye sakafu ya ndani, kwa sababu sakafu ya ubao huwa na mabonde. Kisha chukua namba mbili: kutoka ardhini hadi sehemu ya chini ya pua, pale ambapo nyuma ya bodi itakaa, na kutoka ardhini hadi bamba linalozunguka pini. Mfano wetu: 61 na 48.

HATUA YA 4: Kutoa

61 toa 56 ni 5.

Hiyo 5 ndiyo nafasi utakayoipata tela likiwa sawa. Hakuna sahani ya bei yoyote inayoweza kuibadilisha. Nasisitiza kwa sababu hapa ndipo watu wanapopoteza pesa: wanabadilisha sahani, wanahamisha pini, wanarudi pale pale. Kuinua sahani kunaongeza nafasi juu ya bodi, lakini pua ya tela inapanda kwa kiasi hicho hicho. Kuishusha kunarudisha pua chini na kula nafasi. Unahamisha inchi kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine.

Angalia mfano. Ili tela likae sawa, sahani iwe inchi 48 kutoka ardhini. Sakafu ya bodi iko 35, kwa hiyo sahani iwe 13 juu ya sakafu. Tuseme tundu la chini kabisa la kurekebishia kimo cha sahani yako linaishia 14. Pua itapanda inchi 1, na nafasi itakuwa 6. Kwa tela lenye springi za kawaida, inchi 1 ya pua juu inavumilika. Kama kutoa kungekupa 3 au 4 badala ya ile 5, pale ungekuwa na kazi.

Pua ikiwa juu sana, mzigo unahamia ekseli ya nyuma ya tela. Matela mengi yana kipande cha chuma kinachobembea katikati ya springi mbili ili kugawa uzito, ila kina mwisho wake. Kikifika mwisho, tairi za nyuma zinabeba zaidi, zinapata joto, na breki za mbele zinafanya kazi nusu. Matela yenye ekseli za mpira (zinazotumia mpira ndani yake badala ya springi) hayana kipande hicho kabisa, kwa hiyo kwao usawa ni lazima.

HATUA YA 5: Njia za kuongeza inchi

Kama hesabu ya hatua ya 4 imekupa chini ya 5.5 na pua ikishapanda haivumiliki, dawa iko kwenye magurudumu ya tela. Unainua tela lote, mbele na nyuma. Njia ya upole ni kuongeza vipande vya bomba la mraba kati ya fremu na vishikio vya springi, inchi 2 au 3, vikachomelewa na kufungwa vyuma vya mshazari ili visiyumbe. Njia kubwa ni kuhamisha ekseli kutoka juu ya springi kwenda chini yake. Kazi zote mbili ni za fundi wa kuchomelea anayejua fremu za matela.

Tairi kubwa zaidi? Huongeza kidogo, lakini pima kwanza nafasi kati ya tairi na tairi, na kati ya tairi na dari la tundu lake springi zikiwa zimekandamizwa.

HATUA YA 6: Angalia juu

Kila inchi unayoinua inaenda pia kwenye paa. Majimbo mengi ya Marekani yana kikomo cha futi 13 na inchi 6 (mita 4.11), baadhi ya yale ya magharibi yanaruhusu futi 14. Fifwili nyingi tayari ziko juu ya futi 13 ukihesabu kiyoyozi cha paani. Panda ngazi, pima mpaka ncha ya juu kabisa, andika kwa herufi kubwa kwenye karatasi na uibandike mbele ya dereva. Kule Durham, North Carolina, lilikuwepo daraja la reli la futi 11 na inchi 8 lililochana mapaa ya magari kwa miaka mingi. Mwaka 2019 waliliinua kwa inchi 8, na hata baada ya hapo magari yaliendelea kugonga.

HATUA YA 7: Kuunganisha

Bamba la tela liwe chini kidogo ya sahani, kama nusu inchi, ili pikapu ikirudi nyuma sahani iteleze chini ya bamba na kulinyanyua. Tela likiwa juu mno, pini inapita juu ya meno ya sahani na inaonekana kama imeingia. Ukiondoa gari, tela linaangukia kuta za bodi. Ingia chini na tochi, uhakikishe hakuna mwanga kati ya bamba na sahani na meno yamefunga nyuma ya pini. Funga kamba ya breki ya dharura, unganisha waya, shika breki za tela, jaribu kuvuta taratibu huku miguu ya mbele bado iko karibu na ardhi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Houston: Mkuu, shukrani. Pikapu yangu inakaa chini ikibeba. Nikiweka puto za hewa nyuma si nitamaliza tatizo?

Jibu: Puto zinarudisha pikapu juu, mkuu, na hapo ukingo wa bodi unapanda pia. Kwenye mfano wetu, ile 56 ingerudi karibu na 58 na nafasi ya 5 ingebaki 3. Ukiweka puto, rudia hatua ya 2 upya. Wala haziongezi namba ya kibandiko cha mlangoni.

Mwanachama, Columbus: Kaka, bodi langu ni fupi, futi 5.5. Hesabu ni ile ile?

Jibu: Ya kimo ni ile ile, kaka. Wewe una la ziada: ukikata kona kali, pua inaweza kugonga kioo cha nyuma cha kabini. Tafuta sahani inayoteleza kurudi nyuma wakati wa kugeuza.

Mwanachama, Minneapolis: Shikamoo. Mume wangu anataka kuhamishia ekseli chini ya springi yeye mwenyewe. Amesema anazigeuza tu juu chini.

Jibu: Marahaba dada. Mzuie kwanza. Ekseli nyingi za matela zimepindwa kidogo katikati kwenda juu, na upinde huo lazima ubaki ukitazama juu. Ukiigeuza, tairi zinaliwa upande mmoja. Ekseli inabaki ilivyo, na viti vipya vya springi vinachomelewa upande wa pili. Kimo kinaongezeka inchi 5 hivi au zaidi, kutegemea unene wa bomba la ekseli na springi, kwa hiyo apime paa kabla hajawasha mashine.

Mwanachama, Mombasa: Mimi naendesha kichwa cha lori, nabeba makontena ya bandarini. Hii yenu ina tofauti gani na yetu?

Jibu: Pini ya inchi 2 ndiyo hiyo hiyo, bro, ingawa huko mna pia ya inchi 3.5 kwa mizigo mizito. Tofauti ni kwamba kichwa cha lori hakina kuta za bodi. Wewe unatafuta usawa na kimo cha jumla tu. Sisi tuna ukuta unaopanda kuelekea tela kila tunapovuka mgongo.

Mwanachama, Houston: Narudi tena mkuu. Ule mlango wa nyuma wa bodi niushushe au niuache umefungwa?

Jibu: Unaporudi nyuma kuunganisha, ushushe, la sivyo pini itaugonga. Ukishafunga, uinue na uhesabu kama ukuta wa nne: kama kilele chake kiko juu kuliko kuta za pembeni, ile namba yako ya hatua ya 2 ichukuliwe hapo mlangoni.