Kusomea Usalama wa Dunia, Haki za Binadamu na Uhalifu wa Kimataifa Ughaibuni: Mambo ya Kupima Kabla ya Kulipa Ada

Mwafrika Mashariki anayeishi ughaibuni, akivutwa na kozi inayounganisha usalama wa dunia, haki za binadamu na uhalifu wa kimataifa, hana budi kuanza na swali la kazi kabla ya swali la chuo: akihitimu, anataka kuketi wapi? Ofisi ya mwendesha mashtaka, shirika linalohudumia wakimbizi, kitengo cha benki kinachofuatilia utakatishaji fedha, wizara ya mambo ya nje na taasisi ya utafiti ni sehemu tano zenye milango tofauti, na hakuna shahada moja inayoifungua yote. Nayasema haya mapema kwa sababu wenzetu wengi huzichagua kozi hizi kwa moyo safi, wakiwa wamebeba kumbukumbu za vita, za kambi za wakimbizi au za ghasia za uchaguzi, kisha hubaini baada ya kulipa ada ya mwaka mzima kwamba wanafundishwa nadharia za uhusiano wa mataifa ilhali walitamani kujifunza namna mashtaka yanavyoandaliwa.

Jina moja, taaluma tatu

Maneno matatu yaliyomo katika majina ya kozi hizi yametoka katika taaluma tatu ambazo hazikuzaliwa pamoja. Masomo ya usalama ni tawi la sayansi ya siasa na uhusiano wa kimataifa; haki za binadamu zimesimama juu ya sheria ya mikataba; uhalifu umegawanyika kati ya sheria ya jinai na kriminolojia, yaani taaluma inayochunguza kwa nini watu hutenda uhalifu na jamii huujibu vipi. Chuo kinaweza kuyaunganisha yote katika kichwa kimoja cha habari, lakini kozi itakuwa na uzito wake upande mmoja. Upande huo utauona ukiangalia kozi inasimamiwa na idara gani, masomo ya lazima ni yapi na tasnifu za waliotangulia zilihusu nini. Kozi yenye somo moja tu la lazima la sheria haitakufundisha kuisoma hukumu ya kurasa mia kadhaa, hata kama neno mahakama limetajwa katika kila aya ya tangazo lake.

Hapa pana kosa linalowagharimu watu miaka. Shahada ya uzamili katika haki za binadamu au sheria ya kimataifa haimfanyi mtu kuwa wakili. Anayetaka kusimama mahakamani nyumbani atahitaji shahada ya kwanza ya sheria inayotambuliwa, kisha mafunzo ya vitendo kama yale ya Kenya School of Law au ya Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo Tanzania. Ikiwa hiyo ndiyo nia yako, andikia mamlaka zinazohusika nchini mwako kabla ya kujiandikisha, uulize kama shahada ya chuo unachokilenga itakubaliwa, na ulitunze jibu lao.

Yaliyomo ndani ya somo lenyewe

Utakutana kwanza na tofauti ambayo magazeti huichanganya kila wiki, kati ya uhalifu wa kimataifa kwa maana ya kisheria na uhalifu wa kuvuka mipaka. Mkataba wa Roma, uliopitishwa tarehe 17 Julai 1998 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2002, uliipa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliyoko The Hague mamlaka juu ya makosa manne: mauaji ya kimbari, uhalifu dhidi ya ubinadamu, uhalifu wa kivita na uhalifu wa uchokozi. Biashara ya dawa za kulevya, usafirishaji haramu wa binadamu na utakatishaji fedha havimo katika orodha hiyo kama makosa yanayojitegemea. Msingi wake mkuu ni mikataba mingine, hasa Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Uhalifu wa Kupangwa wa Kuvuka Mipaka, unaojulikana kwa jina la mji wa Palermo, uliopitishwa mwaka 2000, na mashtaka yake husikilizwa katika mahakama za nchi. Anayetaka kupambana na mitandao ya wasafirishaji watu, basi, atafaa zaidi katika kozi inayoegemea kriminolojia, upelelezi wa fedha na ushirikiano wa polisi kuliko katika kozi iliyojengwa kuizunguka The Hague.

Itifaki mbili za Palermo, yaani nyongeza za mkataba huo, zinastahili kusomwa neno kwa neno, maana zinagusa maisha ya jamii zetu za ughaibuni moja kwa moja. Moja inahusu usafirishaji haramu wa binadamu, nyingine inahusu kuwavusha wahamiaji kwa magendo. Katika usafirishaji haramu wa mtu mzima lazima kuwe na tendo, mbinu kama vile udanganyifu au vitisho, na lengo la kumnyonya. Mbinu hizo zikithibitika, ridhaa ya mhanga haina uzito, na kwa mtoto aliye chini ya miaka 18 mbinu hata hazihitaji kuthibitishwa. Dada aliyeahidiwa kazi ya ndani yenye mshahara mzuri, akanyang'anywa pasipoti na kufanyishwa kazi bila malipo, si sawa kisheria na mtu aliyelipa avushwe mpaka kisha akaachwa aende zake, ingawa safari ya pili inaweza kugeuka ya kwanza njiani. Katika nchi nyingi tofauti hiyo huamua kama mtu atalindwa kama mhanga au atarudishwa kama mhamiaji asiye na vibali. Sioni sehemu nyingine ya somo hili ambayo mwanafunzi anaweza kuifanyia kazi katika jamii yake mapema kiasi hicho.

Historia ya taaluma hii, kwa sehemu kubwa, iliandikwa katika ukanda wetu. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda iliundwa na Baraza la Usalama mwezi Novemba 1994, ikafanya kazi zake Arusha, na tarehe 2 Septemba 1998, katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, ikatoa hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, na humo humo ikatamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Huko The Hague, mtu wa kwanza kutiwa hatiani alikuwa Thomas Lubanga wa Kongo, mwaka 2012, kwa kuwaingiza vitani watoto walio chini ya miaka 15. Miaka tisa baadaye mahakama hiyo hiyo ilimtia hatiani Dominic Ongwen wa Uganda kwa makosa 61, naye alikuwa ametekwa na waasi akiwa mtoto, njiani kuelekea shuleni, kabla ya kupanda vyeo hadi kuwa kamanda. Majaji walikataa utetezi wake kwamba alikuwa na ugonjwa wa akili na kwamba alitenda kwa kushurutishwa, ila waliutazama utoto wake walipopima adhabu, wakampa kifungo cha miaka 25. Ukizisoma kesi hizi mbili pamoja utaelewa kwa nini somo hili haliwezi kufundishwa kwa kauli mbiu.

Mwanafunzi kutoka Kenya aliye ughaibuni aingie darasani akijua kwamba kesi za ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zitajadiliwa, na huenda akageuziwa macho kama msemaji wa nchi nzima. Mashtaka dhidi ya Uhuru Kenyatta yaliondolewa Desemba 2014. Kesi ya William Ruto na Joshua Sang ilisitishwa Aprili 2016 bila majaji kutoa hukumu ya kuwaachilia kwa kutokuwa na hatia. Ushauri wangu ni kusoma maamuzi yenyewe, yakiwemo maoni ya jaji aliyepingana na wenzake, kabla ya kusema lolote, kwa sababu yaliyosemwa katika mikutano ya siasa na yaliyoandikwa na majaji hayalingani daima.

Kagua pia kama kozi inafundisha mfumo wa Afrika. Vyuo vingi vya Ulaya huishia Strasbourg, makao ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, kana kwamba Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliopitishwa Nairobi mwaka 1981, haujawahi kuzaa uamuzi wowote. Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha iliamua mwaka 2017 kwamba haki za Waogiek, jamii ya asili ya Kenya, katika msitu wa Mau zilivunjwa. Tanzania, ambayo ni mwenyeji wa mahakama hiyo, iliondoa mwaka 2019 tamko lililowaruhusu watu binafsi na mashirika kufungua kesi huko moja kwa moja, na Rwanda ilikuwa imetangulia kufanya hivyo mwaka 2016. Kama kozi haiyagusi mambo haya, uliza kama utaruhusiwa kuyaandikia tasnifu na kama yupo mwalimu wa kukusimamia.

Hadhi ya ukaazi, uraia na ada

Kiasi cha ada hutegemea karatasi zako za ukaazi kuliko pasipoti yako. Nchini Uingereza, kwa kozi za England, anayehesabiwa mwenyeji kwa kawaida ni mwenye haki ya kudumu ya ukaazi aliyekaa huko miaka mitatu kabla ya kozi kuanza, na aliyetambuliwa kuwa mkimbizi ana kanuni zake zinazoweza kumpa ada hiyo hiyo. Nchini Kanada, mkaazi wa kudumu kwa kawaida hulipa kama raia. Vyuo vikuu vingi vya umma vya Ujerumani havitozi ada ya masomo, ila jimbo la Baden-Württemberg limekuwa likiwatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017, na Norway nayo ilianza kuwatoza wanafunzi wa nje ya Ulaya mwaka 2023. Kama ombi lako la ukaazi linakaribia kujibiwa, kuahirisha masomo kwa mwaka mmoja kunaweza kukupunguzia gharama kuliko ufadhili wowote mdogo.

Uraia ni jambo zito zaidi, nalo halitajwi katika siku za kutembelea vyuo. Mashirika ya upelelezi ya Marekani kama FBI na CIA huajiri raia wa Marekani, na vyombo vya usalama vya Uingereza vina masharti ya uraia na ukaazi. Mtanzania mtu mzima anayechukua uraia mwingine hupoteza wa Tanzania. Katiba ya Kenya ya 2010 inaruhusu uraia pacha, lakini ibara ya 78 inawazuia maafisa wa dola na wanajeshi kuwa nao. Kwa hiyo anayesomea usalama akiwa na nia ya kuitumikia serikali aamue mapema ni serikali ipi.

Kwa upande wa Umoja wa Mataifa, kazi za mafunzo katika Sekretarieti hazilipwi, na nafasi za maafisa wataalamu vijana (JPO) hufadhiliwa na serikali ambazo mara nyingi huwachagua raia wao. Mpango mwingine, wa wataalamu vijana (YPP), una kikomo cha umri wa miaka 32 na huchukua raia wa nchi zilizoorodheshwa mwaka husika. Kifaransa kinahesabika sana, kwani pamoja na Kiingereza ndizo lugha za kazi za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Kiswahili chako nacho ni ujuzi wa kuandikwa waziwazi katika wasifu: kimetumika katika ushahidi The Hague, na mchunguzi anayemwelewa shahidi bila mkalimani husikia hata kile ambacho shahidi amesita kukisema.

Utafiti, na usalama wa watu wako

Wengi hupanga kukusanya data nyumbani wakati wa likizo. Kibali cha kamati ya maadili ya chuo hakitoshi. Kenya utahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, Tanzania Bara kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na Uganda idhini ya Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Anza maombi miezi mingi kabla ya safari. Tena usiwahoji watu wanaoweza kuja kuwa mashahidi wa kesi. Mhanga aliyehojiwa mara nne na watu wanne atakuwa na maelezo manne, na wakili wa utetezi atazitafuta tofauti zake. Madhara hayo yatampata yeye, wewe ukiwa umeshapata alama zako. Wala usidhani kwamba undugu unatosha kuwa ridhaa, kwa maana shangazi anaweza kukubali kuhojiwa kwa kuona haya kukukatalia.

Kwa anayesoma Uingereza na kuandika kuhusu ugaidi, lipo jambo la kuchukuliwa kwa uzito. Kifungu cha 58 cha Sheria ya Ugaidi ya mwaka 2000 kinafanya kuwa kosa kukusanya au kumiliki taarifa zinazoweza kumfaa gaidi. Tangu 2019 sheria inataja utafiti wa kitaaluma kuwa udhuru wa haki, lakini udhuru huo ni rahisi kuuonyesha pale msimamizi wako anapojua kwa maandishi unasoma nini na chuo kimekupa mahali salama pa kuhifadhi nyaraka. Usipakue kitu cha namna hiyo kwenye simu yako, wala usimtumie rafiki.

Picha za ukatili nazo huumiza anayezitazama kila siku. Wachunguzi wenye uzoefu huzima sauti, hupunguza ukubwa wa picha, na hawazitazami usiku. Fanya hivyo tangu juma la kwanza, na ikiwa familia yako ilipitia mambo hayo, mweleze msimamizi kabla ya kupangiwa mada.

Kabla ya kutuma maombi, hudhuria kikao kimoja cha mahakama. Jukwaa la wasikilizaji The Hague liko wazi kwa umma bila malipo, na vikao vya wazi huonyeshwa pia kwenye intaneti. Anayeishi Paris au Brussels ana nafasi iliyo karibu zaidi, kwa kuwa mahakama za Ufaransa na Ubelgiji zimewahukumu washitakiwa wa mauaji ya kimbari ya Rwanda. Kaa siku nzima, ukiwemo muda mrefu ambapo mawakili hubishana juu ya tarehe ya waraka mmoja, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi hii hufanana na saa hizo.