Mambo ya kuzingatia kabla kijana hajaacha nyama na samaki

Wewe kijana wa Lamu unayeishi kwa wazazi wako na umeamua kuacha nyama na samaki, sikuandikii kukukataza. Mtu anaweza kukua vyema na kuwa na afya bila kula kitoweo cha mnyama, na jiko letu la pwani limeshakufanyia nusu ya kazi: mbaazi za nazi, maharagwe, kunde, pojo, mchicha wa nazi, muhogo, bamia, biringani. Lakini nimemwona binti wa kaka yangu akidhoofika mbele ya macho ya nyumba nzima, na yaliyomfika yangeweza kuepukwa. Kwa hivyo kabla hujatangaza lolote, soma.

Amua kwanza unaacha nini hasa. Nyama ya ng'ombe na mbuzi pekee? Na kuku je? Na samaki? Wengi wanadhani kuacha nyama ndilo jambo zito, lakini hapa kwetu nyama haiingii chunguni kila siku; samaki ndiye anayeingia. Ukimwacha samaki umeacha kitoweo cha mchana na cha usiku, na pamoja naye protini, iodini na vitamini B12. Iodini ni rahisi kuirudisha: hakikisha chumvi ya nyumbani ni ile ya pakiti iliyotiwa madini ya iodini, usitumie chumvi ya mawe ya kuokoteza.

Maziwa na mayai usiyaache. Huo ndio ushauri wangu kwa yeyote aliye chini ya miaka 20, na sina haya ya kuushikilia. Vitamini B12 haipatikani kwenye mchicha, wala kwenye kunde, wala kwenye nazi. Inatoka kwa wanyama: nyama, samaki, mayai, maziwa, mtindi. Ukiamua kuacha hivyo vyote, basi utameza vidonge vya B12, na hapo hapana mjadala. Usidanganywe na kujisikia vizuri mwaka wa kwanza. Ini huweka akiba yake, na akiba hiyo huweza kukaa miaka. Inapokwisha ndipo miguu inaanza kufa ganzi, ulimi unauma, unasahau ulichosoma jana. Mishipa ya fahamu ikishaharibika kwa muda mrefu, huenda isirudi kama ilivyokuwa.

Zungumza na anayepika kabla ya kuzungumza na mtu mwingine. Mwendee mama, au bibi, wakati hana shughuli, umwambie kwa adabu, na umwambie pia utakula nini. Usingoje mpaka sinia imewekwa na wageni wamekaa ndipo usukume kipande cha samaki pembeni. Hiyo ni kumvunjia mpishi heshima. Halafu ingia jikoni mwenyewe. Kijana asiyejua kuchambua kunde, kuziloweka na kuzipika zikaiva, hajawa tayari kuacha nyama.

Utaulizwa dini. Utaulizwa mapema, pengine na mjomba ambaye hajawahi kukuuliza kitu kingine. Jibu ni jepesi: nyama ni halali, na halali si lazima kuliwa. Unalotakiwa kuliogopa ni kuiharimisha. Aya ya 87 ya Suratul Maida inakataza kuharimisha vizuri ambavyo Mwenyezi Mungu ameviruhusu. Basi sema "mimi sili", usiseme "haifai kuliwa". Siku ya Idd ya kuchinja unaweza kushika mfuko na kupeleka nyama kwa majirani na maskini bila kuila wewe. Likikutatiza zaidi, mwendee maalim wako ukamuulize, usitegemee video za watu usiowajua.

Kuhusu soko. Mboga nyingi tunazonunua pale mbele ya Ngome ya Lamu hazikuoteshwa kisiwani. Zinatoka bara, Mpeketoni na Witu na Hindi, zinashuka kwa gari hadi Mokowe na kuvushwa kwa boti. Mvua ikiharibu barabara, au bahari ikichafuka wakati wa kusi, mchicha unapanda bei au unakosekana kabisa. Kwa hivyo usijenge chakula chako juu ya majani mabichi peke yake. Weka nyumbani kunde, pojo, dengu na mbaazi kavu, ambazo hazimngoji nahodha. Ziloweke usiku kucha na umwage maji. Hupungua gesi tumboni, huokoa kuni au gesi ya kupikia, na mwili huyapata madini yaliyomo kwa urahisi zaidi. Pojo ukiziacha zichipue ni bora zaidi. Na kula mikunde pamoja na nafaka: wali kwa kunde, sima kwa maharagwe, chapati kwa dengu. Upungufu wa huyu unajazwa na yule.

Nasema haya kwa sababu watu wa pwani tunao mfano mbele yetu, na hatuutazami. Mabanyani wameishi miji hii vizazi na vizazi, wengi wao hawagusi nyama wala samaki, na watoto wao wanakua. Tazama wanavyokula: dengu kila siku, mtindi, maziwa, samli, mboga mbili tatu, ndimu pembeni. Chakula chao kilipangwa na waliowatangulia. Wewe unaanza leo, huna aliyekupangia, kwa hivyo kazi hiyo ni yako.

Sasa nije kwenye damu, kwa sababu hapo ndipo binti yetu alipoumia.

Alikuwa na miaka 15. Baba yake alinunua mbuzi mapema kabla ya Idd, na yeye ndiye aliyemlisha pale uani mwa nyumba, majani na maganda ya ndizi. Alipochinjwa, binti akakataa kula. Haikuchukua muda akaacha na samaki. Mama yake, mpishi hodari, alikasirika. "Hutaki kitoweo? Kula wali." Akala wali. Wali mweupe kwa kachumbari na achari ya embe. Asubuhi mahamri kwa chai ya maziwa. Jioni viazi vya karai, na chai tena. Tumbo lilijaa kila siku, na hapo ndipo tulipopotezwa, kwa maana mtoto aliyeshiba hakuna anayemtazama mara mbili.

Ilianza kwa ngazi. Nyumba yao iko mtaa wa Mkomani, ghorofa mbili, ngazi zile nyembamba za kizamani zenye vidato virefu. Akawa anapanda nusu, anakaa. Anashika ukuta. Kichwa kinamuuma kila jioni. Mama yake akasema ni simu, hapumziki. Mimi nilimwona midomo imefifia, nikasema apelekwe akapimwe, nikaambiwa ni mitihani.

Kilichomshtua mama ni mchele. Siku moja anafua sare ya shule akakuta punje za mchele mbichi mfukoni, zimejaa kwenye mshono. Alipofuatilia, mtoto alikuwa akichota gao la mchele kwenye debe kila asubuhi na kuutafuna njia nzima hadi shule. Nyumbani anavunja barafu ya friji na kuitafuna kama njugu. Palikuwa na walioshauri atazamwe kwa mganga. Alhamdulillahi alipelekwa hospitali. Kutamani mchele mbichi, barafu au udongo ni dalili inayojulikana ya upungufu wa madini ya chuma mwilini, na yeyote anayeiona kwa binti yake asicheke wala asitafute jini.

Daktari alimvuta kope la chini. Ndani palikuwa peupe. Kipimo cha hemoglobini kikatoka 7.6, kwa msichana wa umri wake kikiwa chini ya 12 tayari ni upungufu wa damu. Wakapima malaria na minyoo, hakuna. Wakampa vidonge vya chuma.

Na hapa ndipo nataka usome polepole. Alimeza vile vidonge kila siku, mbele ya mama yake, hakuruka hata kimoja. Waliporudi kupima, damu ilikuwa haijasogea, ni kama hakupewa kitu. Mama akaapa kwamba anameza. Daktari akauliza swali moja: "Anamezea nini?"

Chai. Kila asubuhi, kidonge kwa kikombe cha chai ya maziwa.

Majani ya chai yana tanini, na tanini hushikana na chuma tumboni, kikapita bila mwili kukichukua. Kahawa hufanya vivyo hivyo, na maziwa nayo yana kalsiamu inayozuia. Chuma cha nyama na samaki hakiathiriki sana na chai, ndiyo maana mla samaki anaweza kunywa chai na chakula maisha yake yote asidhurike. Chuma cha mimea ni dhaifu, kinazuilika kwa urahisi. Kwa hivyo mahamri kwa mbaazi na chai, kifungua kinywa chetu chenye fahari, kwa mtu asiyekula samaki ni chuma kinachoingia mlangoni na kuzuiwa hapo hapo. Binti yetu alikuwa hali chuma cha kutosha, na kile kidogo alichokula, pamoja na vidonge vya hospitali, alikuwa akikifungia njia kwa kikombe.

Wakabadilisha jambo hilo moja. Kidonge kwa maji yaliyokamuliwa ndimu, na chai ikasogezwa hadi saa nne za asubuhi. Damu ikaanza kupanda. Hamu ya mchele ikakatika yenyewe, hakukatazwa na mtu. Daktari alimwambia aendelee na vidonge miezi mitatu zaidi hata baada ya kipimo kuwa kizuri, ili mwili ujaze akiba. Mpaka leo hali nyama wala samaki, na anapanda zile ngazi na ndoo ya maji.

Basi shika haya. Chai na kahawa ziwe mbali na chakula, saa moja kabla au saa moja baada, na hilo liwe kila siku. Kwenye kunde na mchicha kamulia ndimu, au kula pera, chungwa, papai au embe papo hapo, kwa sababu vitamini C hukisaidia chuma kuingia. Msichana wa miaka 14 hadi 18 anahitaji chuma miligramu 15 kwa siku, mvulana 11, na asiyekula nyama anahitaji zaidi ya hapo. Msichana anapoteza damu kila mwezi, kwa hivyo yeye ndiye aliye hatarini zaidi. Pima damu kabla ya kuanza, upime tena baada ya miezi michache. Usinunue vidonge vya chuma dukani na kujipa dawa bila kipimo. Ukipewa, choo kitakuwa cheusi, usiogope. Na viweke juu sana, mbali na wadogo zako: mtoto mdogo akivimeza vingi anaweza kufa.

Karamu zina yake. Pilau ya harusi na ya Maulidi hupikwa na nyama ndani, na wali umeshainywa supu. Amua nyumbani kama utakula wali ukaacha nyama au hutakula kabisa, usiende kuamulia mbele ya sinia. Kula kabla ya kutoka. Sambusa za mboga ziulizie zimekaangwa kwenye mafuta gani, kama hilo linakuhusu. Supu ya mifupa hujificha kwenye vitu vingi.

Shule ya bweni: githeri na maharagwe utavipata, maziwa na mayai huenda usivione muhula mzima. Beba korosho, njugu na simsim, na mweleze matroni mapema.

Ramadhani, usifuturu kwa tende na vikombe vitatu vya chai ukasema umekula. Uji, tende, tunda, kisha kunde au mbaazi, na chai ije baada ya tarawehe. Daku usiiruke.

Na kama ukweli ni kwamba unataka kukonda, na kuacha nyama ni njia ya kula kidogo bila kuulizwa, mwambie mtu mzima unayemwamini leo, shangazi, mwalimu au muuguzi. Hiyo ni shida nyingine na ina msaada wake. Usianze jambo hili ukiwa umetoka kuugua, usilianze wiki ya mitihani, wala usimfuatishe rafiki ambaye mwenyewe hajui anakula nini. Hedhi ikizidi, moyo ukidunda kwa nguvu ukiwa umekaa tu, au ukiona giza unaposimama, usisubiri kliniki ya mwezi ujao. Nenda siku hiyo hiyo, na umwambie daktari wazi kwamba huli nyama wala samaki, na unakunywa chai kiasi gani.