Kugawana Kazi ya Kuosha Magari Baina ya Mume na Mke

Jina la Nakuru hufasiriwa kutoka Kimaasai kuwa mahali pa vumbi, na yeyote anayeishi Kiamunyi au pande za Lanet, ambaye kila jioni huiacha lami akaingia barabara ya murramu, hahitaji kuelezwa sababu. Mji wetu ulipandishwa hadhi ukawa jiji tarehe 1 Desemba 2021, lakini vumbi halikuarifiwa. Nyumba yenye magari mawili hapa ina kazi ya kuosha isiyokwisha, na kazi ya namna hiyo ikikosa mgao unaoeleweka humwangukia mmoja, naye huifanya huku amenuna. Maelezo haya ni kwa wenzi wanaooshea magari yao nyumbani na wangependa Jumamosi ipite kwa amani.

Jambo la kwanza, kabla ya kugawana chochote, ni kukubaliana kazi yenyewe ni ipi. Hapa ndipo sisi tulipokosea kwa muda mrefu. Mume wangu alikuwa akisema kwamba yeye ndiye anayeosha magari, na kwa jinsi alivyoielewa kazi hiyo hakuwa akidanganya, kwa kuwa ni yeye aliyemwaga maji na kusugua. Lakini kabla hajakunja suruali mimi nilikuwa nimekwisha kuteka maji kwenye tangi, nimetoa kiti cha mtoto, nimeokota maganda ya machungwa na soksi moja chini ya viti, nimetafuta matambara. Naye akishamaliza, ni mimi niliyeyafua matambara hayo na kuyaanika. Siku moja nilipomwambia nimechoka, aliniuliza kwa mshangao wa kweli, "Umechoka na nini, Mama watoto, na magari yote nimeosha mimi?" Sikumjibu. Jumamosi iliyofuata nilikaa barazani na kikombe cha chai, nikamtazama akilizunguka gari mara mbili akitafuta ndoo, kisha akaja akasimama mbele yangu na kusema, "Haya, nimeelewa. Lete karatasi."

Basi andikeni. Orodha yetu ilikuwa na kuteka maji, kutoa vitu garini, kukung'uta mazulia ya miguuni, kufagia au kufyonza vumbi la ndani, kupangusa dashibodi na milango, kuosha paa na ubavu, kuosha magurudumu, kukausha, kusafisha vioo, kufua vitambaa, kurudisha vitu mahali pake, na kununua sabuni inapokwisha. Zaidi ya nusu ya kazi hizo hufanyika bila mtu kumwona anayezifanya. Mgao unaohesabu kusugua peke yake hauwezi kuwa wa haki.

Baada ya hapo, wengi hukimbilia utaratibu wa kila mtu kuosha gari analoliendesha. Unaonekana wa haki, nami naupinga. Katika nyumba nyingi gari moja huenda mjini kwa lami na kurudi, na lingine ndilo linalopelekwa shambani Subukia au Molo, likabeba mbolea, magunia ya viazi na shangazi wawili. Anayeliendesha hakuyataka matope hayo kwa ajili yake mwenyewe. Aliyapata akiitumikia nyumba nzima. Kumwachia ayaoshe peke yake ni kumtoza faini kwa kufanya kazi ya wote. Wala sipendi ule mgao wa mazoea ambao mke hushika ndani na mume hushika nje, maana kusafisha ndani ya gari lililobeba watoto wiki nzima, maziwa yakiwa yamemwagika kwenye mshono wa kiti, huchukua muda mrefu kuliko kuosha nje, tena kwa kuinama.

Uliotufaa ni mgao wa ndani na nje unaobadilishwa kila wiki: aliyeshika ndani wiki hii hushika nje wiki ijayo, na kila upande umeambatanishwa na kazi zake zisizoonekana. Anayeosha nje ndiye anayeteka maji, naye ndiye anayefua vitambaa na kuvianika. Wa ndani hutoa vitu, huvirudisha, na huangalia kama sabuni inatosha. Mtu akipewa upande, anaumiliki tangu mwanzo hadi mwisho, na haruhusiwi kumwita mwenzake amletee tambara.

Magari yakiwa mawili, watu wawili wanaweza kufanya kazi kwa wakati mmoja bila kugongana, mradi wasianze na gari moja. Wa ndani aanze na gari la kwanza, maana vumbi linalotolewa ndani lisiangukie bodi iliyokwisha kuoshwa. Wa nje aanze na lile la pili, lakini lile nalo likung'utwe mazulia yake kwanza. Kisha wabadilishane magari. Vioo vya ndani viachwe hadi mwisho kabisa, kwa kuwa kila kitambaa kinachopita kwenye dashibodi huacha kitu kiooni.

Kwa upande wa nje, kuna mambo machache ambayo mwenye zamu anapaswa kuyajua ili zamu yake isije ikaacha hasara. Udongo wetu wa Bonde la Ufa ni wa volkano, na vumbi lake likisuguliwa likiwa kavu hukwaruza rangi. Kwa hiyo gari limwagiwe maji kwanza, vumbi lilegee na kuteremka, ndipo sifongo iguse. Anzeni juu kwenye paa mkishuka, kwa sababu sehemu za chini ndizo zenye mchanga mwingi, na magurudumu yawe na ndoo na brashi yake, visichanganywe na vya bodi. Ndoo mbili kwa bodi ni bora kuliko moja: ya kwanza ina sabuni, ya pili ina maji matupu ya kusuuzia sifongo kabla haijarudi kwenye sabuni. Sabuni ya unga ya kufulia haifai, kwani huondoa nta inayolinda rangi na kuiacha imefifia. Kinyesi cha ndege kisingojee Jumamosi. Yeyote anayekiona akiloweshe na kukitoa siku hiyohiyo, bila kuulizana zamu ni ya nani, kwa maana kina asidi inayokula rangi. Na osheni asubuhi au jioni kivulini, kwa kuwa jua la saa sita hukausha sabuni kabla haijasuuzwa.

Maji nayo ni jambo la kuafikiana. Mpira ulioachwa wazi unaweza kumwaga lita 10 na zaidi kwa dakika moja, ilhali gari dogo huoshwa vizuri kwa mitungi miwili au mitatu ya lita 20. Siku za mgao wa maji sisi huosha vioo, taa na namba za gari tu, na hakuna anayehesabiwa kuwa amekwepa zamu. Egesheni gari kwenye nyasi au changarawe, mbali na mtaro. Ziwa Nakuru halina mto wa kuyatoa maji yake, kwa hiyo sabuni na oili zinazofika huko hubaki huko. Wenzetu wa Kisumu, ambako watu wamezoea kuteremsha magari hadi ufukweni na kuyaoshea katika Ziwa Victoria, wana sababu kubwa zaidi ya kuacha, maana ziwa hilohilo ndilo linalowapa maji ya bomba.

Patakuwa na ubishi juu ya kiwango cha usafi. Mume wangu hupima gari kwa mng'ao wa rimu, mimi hulipima kwa harufu ninapofungua mlango. Tulikubaliana kwamba mwenye zamu hasahihishwi siku hiyo; dosari husemwa Jumamosi inayofuata kabla ya kuanza, na mara nyingi huwa imeshasahaulika. Mtu asirudie kwa siri kile ambacho mwenzake amekwisha kukiosha. Hilo huumiza kuliko kukaripiwa.

Zipo wiki ambazo mmoja anaumwa mgongo, ana mimba, au amesafiri. Katika wiki hizo peleka magari kwa vijana wa kituo cha kuoshea, lakini mjue kwamba kuyapeleka, kungoja foleni, kukagua na kulipa ni zamu kamili ya aliyekwenda. Waambieni vijana wasielekeze maji ya nguvu chini ya boneti, kwa sababu ya nyaya za umeme. Watoto wanaweza kupewa mazulia na magurudumu, ila kazi yao ipunguzwe sawasawa kutoka pande zote mbili, isiwe nafuu ya mzazi mmoja.

Mwisho wa yote, gari lisiachwe limevutwa breki ya mkono huku breki zikiwa bado mbichi, maana zinaweza kushika. Liendeshwe mwendo mfupi, breki zikanyagwe taratibu mara kadhaa zikauke. Kwetu kazi hiyo ni ya aliyeosha nje, na kwa kuwa anatoka hata hivyo, hupitia dukani akarudi na maziwa ya chai.